Mwigizaji akitaka kuandika wimbo wa umoja, aanze na wagomvi wawili

Karatasi nyingi ambazo waigizaji huniletea hapa studio, Mwanjelwa, zina mistari inayofanana. Wa kwanza unasema tuungane, wa pili tushikamane, wa tatu tupendane, wa nne unaomba amani idumu. Huja Aprili, sikukuu ya Muungano ikikaribia, na huja kwa wingi zaidi kampeni za uchaguzi zinapoanza. Wanaozileta ni watu wa vikundi vya maigizo, wa filamu za hapa hapa Mbeya, wa michezo ya redio. Watu wanaojua kumliza mtazamaji bila kumwambia alie. Nawapenda na huwa nawasubiri. Nimekuwa produsa na mwalimu wa kwaya kwa muda mrefu, na nikiulizwa ni nani anayeweza kuandika wimbo wa umoja ukawaingia watu moyoni, namtaja mwigizaji kabla ya mwanamuziki.

Ila si kwa mistari hiyo.

Mpe mwigizaji huyohuyo mistari ile minne kama sehemu yake katika mchezo, uone. Atamgeukia mwongozaji: hapa namwambia nani? Huyu ninayemwambia amenifanya nini? Kwa nini nimwambie leo na si jana? Bila majibu hawezi kutamka neno. Lakini akiketi kuandika wimbo, maswali hayo anayaweka kando, kwa kuwa anaamini wimbo wa taifa zima hauna nafasi ya mtu mmoja ndani yake. Anaishia kuandika hotuba. Hotuba za umoja tunazo za kutosha. Hakuna anayezipinga, na sijamwona aliyetoka kuisikiliza akaenda moja kwa moja kumwomba jirani yake radhi.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ninayompa ni hii: niletee watu wawili waliogombana, na kila mmoja awe na haki yake.

Huku kwetu hahitaji kwenda mbali. Ashuke tu bonde la Usangu, wilayani Mbarali. Kule mkulima wa mpunga anafungulia maji yaingie mfereji wake, maana pasipo maji hakuna mavuno, na pasipo mavuno hakuna ada ya mtoto. Mfugaji aliyetoka mbali anaingiza ng'ombe kwenye majani ya kinamasi cha Ihefu kwa sababu kiangazi kimekausha kwingine kote. Wote wawili wanategemea maji yaleyale yanayoshuka kutoka milima ya Uporoto na Kipengere. Na chini yao kuna wengine ambao hawajawahi kuonana nao: Ruaha Mkuu umekuwa ukikauka miezi ya kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, kule Iringa, tangu mwaka 1993, na ni mto huohuo unaoelekea kwenye mabwawa ya umeme ya Mtera na Kidatu. Mwaka 2006 serikali iliamua kuwaondoa wafugaji katika bonde hilo, na wengi wakaswaga mifugo hadi Lindi. Zipo familia ambazo jambo hilo halijawatoka, na wapo wakulima ambao nao wana mashamba yaliyolishwa usiku mmoja yakaisha. Hapo ndipo wimbo wa umoja ulipo. Mwambie mmoja wa watu hawa "tupendane" tu, bila kutaja maji, utakuwa umemtukana.

Mwigizaji akishawapata watu wake, anafanya anachokijua. Ubeti wa kwanza anaingia kwenye nafsi ya mkulima, anamsemesha mfugaji. Anamlalamikia kweli, bila kupakapaka mafuta. Ubeti wa pili anakuwa mfugaji, anajibu, na jibu lake lazima liwe zito kiasi cha kumfanya msikilizaji aliyekuwa upande wa mkulima ajiulize. Kiitikio kinakuwa maneno ambayo wote wawili wanaweza kuyatamka bila kusema uongo. Mwigizaji mmoja wa kike tuliyefanya naye zoezi hili alihangaika na kiitikio siku kadhaa, akiandika na kufuta neno "umoja", mpaka akaliacha kabisa. Akaandika:

Maji haya si ya kwangu, yakipita yakukute.

Mizani 8 na mizani 8, kama shairi la kawaida. Mkulima akiuimba mstari huo anaahidi. Mfugaji akiuimba anaahidi. Mtu wa Iringa aliye chini ya mto akiusikia anajua umemhusu. Nimewaonyesha waigizaji wengi mstari huu, kwa sababu mshairi hodari angeweza kuutafuta mwaka mzima asiupate, na dada yule aliupata kwa kuwa alikwisha kusimama kwenye nafsi za watu wote wawili.

Njia hii ina mizizi kwetu. Mathias Mnyampala, aliyefariki mwaka 1969, ndiye aliyeipa nguvu ngonjera, ushairi wa watu wawili wanaojibizana mbele ya hadhira, na baada ya Azimio la Arusha la 1967 ngonjera zikaenea shuleni nchi nzima. Waliopita shule ya msingi wanazikumbuka: mmoja hajui, mwenzake anajua, wanabishana kwa beti, mwisho asiyejua anakubali na wote wanaimba pamoja. Nazithamini sana, na jukwaa la kwanza la waigizaji wengi lilikuwa hilo. Lakini zina udhaifu ambao mwandishi wa leo asiurithi. Yule asiyejua aliumbwa ili ashindwe. Hoja zake ni nyepesi tangu mwanzo, na hadhira inajua. Wimbo wa umoja wenye mpinzani wa karatasi haumgusi mpinzani wa kweli aliyeketi kiti cha nyuma, maana hakujisikia humo.

Ukanda huu wa kusini umetoa watu wawili ninaowataja kila mara. Kapteni John Komba, mtu wa mwambao wa Ziwa Nyasa mkoani Ruvuma, aliongoza TOT (Tanzania One Theatre), kundi lililoweka maigizo, ngoma, kwaya na taarabu kwenye jukwaa moja. Mwalimu Nyerere alipofariki tarehe 14 Oktoba 1999, nyimbo za maombolezo za Komba na kundi lake zilikuwa redioni asubuhi hadi usiku. Zilishika kwa sababu anayeimba mle ndani ni mfiwa. Ana mtu aliyempoteza, anamwita, anamuuliza. Mfiwa ni mhusika, na msiba hauulizi kadi ya chama. Komba huyohuyo aliandika nyimbo nyingi za CCM, na alikuwa mbunge wa chama hicho hadi alipofariki mwaka 2015; hizo ni nyimbo za chama, zina watu wake na kazi yake. Mwigizaji anayetaka kuwaimbia Watanzania wote ni lazima aamue mapema kama mtu wa chama kingine ataweza kufungua kinywa aimbe naye. Akiona hawezi, basi aandike wimbo wa chama na auite hivyo.

Wa pili ni Mrisho Mpoto, mwenye asili ya Songea, aliyetokea kwenye maigizo na usimulizi. Yeye humsemesha mjomba. Maneno mazito kuhusu nchi yanapita kwenye kinywa cha mpwa anayezungumza na ndugu wa mama yake, na kwetu sote mpwa ana ruhusa ya kumwambia mjomba mambo ambayo mgeni hawezi. Hapo taifa linakuwa na uso.

Sasa upande wa ufundi, ambako waigizaji huhitaji msaada zaidi.

Kiswahili hutia mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho: u-MO-ja, mu-u-NGA-no, Ta-nza-NI-a. Sauti ndefu au ya juu katika mahadhi inatakiwa ikae hapo. Wengi hutunga mahadhi kwanza juu ya biti waliyoipakua, kisha wanaswagia maneno, na sauti ndefu inaangukia "-ja". Msikilizaji hatakueleza kosa ni nini, ila atahisi anaimbiwa na mgeni. Dawa yake mwigizaji anayo tayari. Namwambia auseme mstari kama anavyousema jukwaani, kwa hisia za mhusika wake, na ajirekodi kwa simu. Tunausikiliza mara nyingi. Pale sauti inapopanda yenyewe, mahadhi yapande hapo. Pale anapovuta pumzi, mstari ukatike hapo. Sauti ya mtu anayezungumza kwa kumaanisha tayari ina nusu ya wimbo ndani yake.

Kiitikio kiwe kifupi na kisipande mno. Kwa lugha ya kwaya zetu, kikae kati ya do na la, kisizidi oktavu moja, na ufunguo usimkabe mzee wala mtoto. Fikiria wimbo wa taifa. Mahadhi yake yalitungwa mwaka 1897 na Enoch Sontonga, mwalimu wa kwaya wa Afrika Kusini, kwa ajili ya waimbaji wa kawaida, na ndiyo maana yamesafiri hivyo. Nenda mpakani Tunduma, mwendo wa saa chache kutoka hapa. Ng'ambo ya geti, Nakonde, watoto wa shule wa Zambia wanaimba mahadhi hayohayo kwa maneno yao. Mtunzi anayetaka watu wengi waimbe ayasome mahadhi hayo noti kwa noti. Hatua zake ni fupi na kila mstari unampa mwimbaji muda wa kuvuta pumzi.

Jambo jingine ni kuigiza kupita kiasi mbele ya maiki. Jukwaani sauti inatupwa hadi safu ya mwisho. Studio maiki iko sentimita chache kutoka mdomoni, na kilio kinachofaa ukumbini kinageuka kelele. Hili hurekebishika upesi.

Halafu kuna orodha ya makabila. Karibu kila rasimu inayo: Msafwa, Mnyakyusa, Msangu, Mmalila, Mhehe, Mbena, Mkinga, Mnyiha, Mndali, na kuendelea. Nia ni njema. Lakini Tanzania ina makabila zaidi ya 120, wimbo hauna nafasi ya kuyataja yote, na asiyetajwa huona kwamba amesahaulika kwenye wimbo uleule unaosema hakuna anayesahaulika. Nashauri orodha ifutwe, na badala yake vyombo na mapigo ya ngoma vifanye kazi hiyo. Mganda, kwa mfano, ngoma ya mistari na mikogo iliyoiga gwaride la kijeshi, unachezwa pande zote za Ziwa Nyasa, huku kwetu na Malawi pia. Ligombo la Wahehe, ing'oma ya Wanyakyusa, lizombe la Wangoni: ukiingiza moja tu kwa heshima, likapigwa na mpigaji wake halisi na si la kompyuta, msikilizaji wa pande zile atainua kichwa kabla hujasema neno. Mpigaji huyo alipwe, na jina lake liandikwe.

Lafudhi nayo itumike kwa uangalifu. Waigizaji wa vichekesho wamezoea kupata kicheko kwa kuiga matamshi ya Mhehe au Mnyakyusa, na wengine huleta ujuzi huo kwenye wimbo ili kuonyesha kwamba sote tumo. Utani wa makabila una taratibu zake. Wahehe na Wangoni walipigana vita vikali karne ya 19, baadaye wakawa watani, na mtani anaweza kufika msibani akafanya mambo ambayo mtu mwingine angefukuzwa. Anaruhusiwa kwa kuwa anayetaniwa yupo, anajua zamu yake itafika, na wote wawili wanajua historia yao. Ndani ya rekodi anayetaniwa hana zamu. Kama mhusika wa ubeti wa kwanza ni Mhehe, mpe "kamwene" yake ya kusalimia na umwache aseme yake. Usimbane pua ili watu wa Dar wacheke.

Kabla ya kurekodi, ujaribuni wimbo bila biti. Uimbwe kwenye kijiwe cha bodaboda, kwenye mazoezi ya kwaya, kwa akina mama wanaopanga viazi Uyole. Usiwaulize kama ni mzuri, maana watakusifu kwa adabu. Imba mara mbili, nyamaza, usikilize ni mstari gani wanaorudia wenyewe. Mara nyingi si ule ulioukusudia kuwa kiitikio, na hapo sina huruma: uliorudiwa ndio unapanda kuwa kiitikio.

Na kabla biti haijatengenezwa, andikeni karatasi moja ya makubaliano: nani kaandika maneno, nani katunga mahadhi, nani kapanga muziki, na kila mmoja ana mgawo gani. Kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, haki ya mtunzi huanza kazi inapotungwa na hudumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Kuisajili kazi COSOTA, ofisi ya hakimiliki nchini, kunakupa ushahidi siku ukibishiwa. Waigizaji wengi wamezoea kulipwa kwa siku ya kazi, basi, kwa hiyo huwa wanasaini chochote wanachowekewa mbele. Wimbo wa umoja ukipendwa utapigwa kila Aprili na kila Desemba, redioni, viwanjani na mashuleni, na malipo yake yanatakiwa yamfikie aliyeuandika na baadaye watoto wake.