Punda akiacha kuchechemea, bado hajapona

Wenye punda wa Lamu wanalijua jambo hili. Mnyama ametoka asubuhi mzima, ameshusha saruji na mchanga kutoka jahazini mpaka adhuhuri, na jioni anaanza kuchechemea mguu wa mbele. Hakuna kidonda wala damu, na mfupa haukuvunjika. Lakini ukipitisha mkono nyuma ya mguu, kati ya goti na kifundo, pamevimba na pana joto. Hiyo, mara nyingi, ni kano, ile kamba ngumu inayounganisha msuli na mfupa.

Mimi ni daktari wa mifugo na sehemu kubwa ya kazi yangu ni miguu ya punda. Jeraha la kano linanisumbua kuliko mengine kwa sababu maumivu yake huondoka mapema mno. Baada ya wiki mbili au tatu punda anatembea vizuri, mwenyewe anafurahi, na shogi ya mizigo inarudi mgongoni. Hapo ndipo kano inapokatika kweli.

Tuanze na mguu wenyewe. Chini ya goti punda hana misuli. Kuna mfupa, ngozi, kano na mishipa michache ya damu. Misuli iko juu, nayo huvuta ukwato kwa kupitia kano ndefu zinazoteremka nyuma ya mguu. Punda akikanyaga, kifundo hushuka kuelekea chini, na kano hizo ndizo zinazobeba uzito wote kisizame. Iliyo karibu na ngozi ndiyo huumia zaidi. Ndani yake kuna nyingine inayokwenda mpaka kwenye mfupa wa ukwato, na ndani zaidi, ikiwa imelala kwenye mfupa, kuna ile inayokishikilia kifundo. Farasi ana umbo hilo hilo, na mengi tunayoyajua kuhusu kano yametoka kwa farasi wa mashindano.

Kwa kuwa damu inayofika huko ni kidogo, kano hupona polepole kuliko ngozi, kuliko misuli, hata kuliko mfupa. Siku za kwanza ni za uvimbe: mwili unasafisha nyuzi zilizokatika, na katika kusafisha huko unaharibu na baadhi ya zile nzima za jirani. Kisha kwa wiki kadhaa unajaza pengo kwa nyuzi mpya, dhaifu, zilizolala ovyo. Kamba ya mnazi hupata nguvu kwa sababu nyuzi zake zote zimesokotwa kuelekea upande mmoja. Ukizishindilia tu kama makumbi kwenye gunia, hazivuti kitu. Kuzinyoosha nyuzi hizo zifuate mstari wa mguu ndiyo kazi ndefu, na inachukua miezi tisa mpaka mwaka.

Siku tatu za mwanzo dawa kubwa ni baridi na kupumzika. Bahari yetu haina baridi ya kutosha, kwa hiyo kumsimamisha punda majini pale gatini kunasaidia kidogo tu. Nunua barafu kwa wauza samaki, iponde, itie kwenye kitambaa kilicholowa, uizungushe nyuma ya mguu kwa dakika 15 hadi 20, mara tatu au nne kwa siku. Barafu isiguse ngozi moja kwa moja. Ukimaliza, kausha mguu, weka pamba nene kutoka chini ya goti mpaka chini ya kifundo, halafu bendeji juu yake. Mkazo uwe sawa kila mahali. Bendeji iliyobana sehemu moja inaiumiza kano nyingine iliyokuwa nzima, na nimeona miguu iliyoharibiwa zaidi na bendeji kuliko ilivyoharibiwa na mzigo. Ifungue kila siku utazame ngozi. Ufunge na mguu wa pili, kwa maana sasa unabeba kazi ya miwili.

Sasa niseme la kukanda. Najua wazee wetu hukanda kwa maji ya moto na kuchua kwa mafuta, na mkono unaomkanda mnyama ni mkono wa huruma. Lakini katika siku hizo za kwanza moto unaongeza damu na uvimbe mahali ambapo tunataka vipungue. Ngoja. Ama kuchoma mguu kwa chuma cha moto, hapo sina la kungoja: usifanye, wala leo wala baadaye. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Bristol huko Uingereza walichapisha mwaka 1983 kazi yao juu ya farasi waliochomwa kano, na hawakuona faida yoyote katika kupona. Anachobaki nacho mnyama ni maumivu na kovu. Mafuta ya taa na dizeli nayo huichubua ngozi tu.

Dawa za maumivu zipo, na ninazitumia. Ila mwili wa punda huzivunja baadhi yake upesi kuliko mwili wa farasi, kwa hiyo kipimo na saa za kumpa haviigwi kutoka kwa farasi wala havikisiwi. Muulize daktari. Usimpe vidonge vyako vya mgongo. Na umpe dawa akiwa amefungiwa uani, kwa sababu punda asiyesikia maumivu atakwenda mbio na kano iliyochanika.

Kuna hatari nyingine ambayo wengi hawaifikirii kwa kuwa haiko mguuni. Punda akitengwa na mwenzake hunyong'onyea, na akinyong'onyea haachi kusimama wala halii, anaacha kula. Punda asipokula, mafuta ya mwili humwagika kwenye damu na kufika kwenye ini, na hilo linaua. Kwa hiyo ukimpumzisha uani, mwache na rafiki yake wa kila siku. Siku moja tu akikataa majani, niite siku hiyo hiyo. Punda huficha maumivu. Akiinamisha kichwa kwenye chakula bila kutafuna, amekwisha kukuambia mengi.

Wiki ya pili au ya tatu, kama joto limeshuka, matembezi yanaanza. Ni kwa kamba mkononi, bila mzigo na bila mtu mgongoni: dakika tano asubuhi, tano jioni. Kila wiki ongeza kidogo, mpaka mwezi wa tatu awe anatembea nusu saa au zaidi. Matembezi haya ndiyo yanayozinyoosha nyuzi, kwa hiyo kumfungia tu miezi mitatu hakufai, na kumwachia arande mjini hakufai pia. Chagua mahali. Mchanga mkavu wa ufuo wa Shela ni adui, kwato huzama na kano huvutwa zaidi. Vichochoro vya mjini vina ngazi na mitaro. Mahali pazuri ni ufuo wakati maji yamekupwa, pale mchanga uliolowa umekuwa mgumu, kuna tambarare, na jua halijapanda.

Atazamwe pia na fundi wa kwato. Kwato iliyoachwa ikarefuka mbele na kisigino kikashuka inaivuta kano kwa kila hatua, hata punda akiwa amesimama. Kuikata vizuri kila baada ya wiki sita mpaka kumi ni tiba ambayo haimezwi, na hapa mjini si lazima ikugharimu: zahanati ya The Donkey Sanctuary, shirika la kutunza punda, iliyopo Lamu tangu mwaka 1987, huwahudumia punda bila malipo.

Mazungumzo magumu huja mwezi wa pili.

"Daktari, huyu keshapoa huyu. Mtazame anavyokwenda."

"Anakwenda vizuri, mzee wangu. Naomba nimshike mguu."

Namwinua mguu, nauweka juu ya goti langu ili kano ilegee, kisha nateremsha kidole gumba na cha shahada polepole kutoka juu mpaka kifundoni. Nafanya vivyo hivyo mguu wa pili. Kano nzima ni nyembamba, ina kingo unazozihisi, na inateleza chini ya kidole. Iliyoumia ni nene, kingo zake zimepotea, na mahali fulani ukibonyeza taratibu punda anauvuta mguu. Kisha namwomba mzee ashike yeye mwenyewe. Wengi wakishika hunyamaza, maana kidole hakibishani. Palipo na mashine ya mawimbi ya sauti tunaiona kano kwa ndani. Tundu jeusi ndani yake linaweza kuwapo punda akitembea kama hajawahi kuumia.

Najua ninachoomba. Punda huyo ndiye ada ya shule na unga wa nyumbani, na miezi tisa si maneno ya kumwambia mtu asiye na punda wa pili. Ndiyo maana nawahimiza wenye punda wa mtaa mmoja wakubaliane kupokezana: wa kwako akiumia leo, wa jirani abebe na mgawane ujira, kwa kuwa wa kwake ataumia kesho. Punda aliyerudishwa kazini mwezi wa pili akakatika kano, hatabeba tena maisha yake yote, na hasara hiyo ni kubwa kuliko ya kungoja.

Na mbio za punda za Maulidi, kama kaumia mwaka huu, mwache atazame. Mwaka 1994 watafiti walipima joto ndani ya kano ya farasi anayekimbia kwa kasi, wakakuta linafika nyuzi joto 45 za Selsiasi. Kano nzima huvumilia kwa shida. Yenye kovu changa haivumilii.

Kuanzia mwezi wa sita, kidole kikiridhika, anza na mzigo mwepesi: ndoo mbili za maji, njia fupi, siku moja kazi na siku moja mapumziko. Punda wetu wengi hawafiki kilo 150, na mzigo wa mzima usizidi thuluthi ya uzito wake, yaani mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50 umekwisha kufika mpakani. Mifuko miwili ndiyo iliyomuumiza tangu awali. Kila asubuhi baada ya siku ya kazi, kabla jua halijaupiga mguu, uguse kwa mgongo wa mkono. Ukiwa baridi, endelea. Ukiwa na joto, rudi kwenye mzigo wa mwezi uliopita, barafu mara mbili siku hiyo, na uje tuushike pamoja.