Aliyesomea samaki si lazima avute nyavu

Mwambie mtu wa Dar kwamba binti yako anasomea sayansi ya bahari na uvuvi, atakuuliza: "Ataweza kweli kuvuta nyavu?" Hapo amechanganya kazi mbili. Mvuvi anatafuta samaki. Mtaalamu anatafuta jibu: wamebaki kiasi gani, wanazaa lini, wavuliwe kwa kipimo gani.

Nenda soko la samaki la Feri, Dar, alfajiri, mnada ukiwa umepamba moto. Unaweza kumkuta mtaalamu huyo na ubao wa kupimia na mizani, akipima samaki aina ya changu mmoja mmoja, akipasua tumbo kuona kama mayai yamekomaa. (Samaki wa kupasua huwanunua kwanza, msidhani anapewa bure.) Kichwani hutoa vijiwe vya sikio, vyenye miduara kama ya shina la mti, akiihesabu kwa hadubini anakadiria umri. Wengi wakivuliwa kabla hawajazaa, hiyo ni dalili mbaya.

Kupiga mbizi kupo, hasa kwa wanaochunguza matumbawe. Sehemu kubwa iliyobaki ni maabara, takwimu na mazungumzo marefu na wavuvi. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinafundisha fani hii, na mlangoni wanaangalia masomo ya sayansi, si misuli.