Je, wajua? Mstari mkali kwenye grafu si lazima uwe wa bei kali

Nilipokuwa sekondari niliamini kwamba ukiwekewa grafu mbili za bei, yenye mstari uliosimama zaidi ndiyo ya bei kubwa. Imani hiyo nilikaa nayo miaka mingi, na hadi leo nakutana na watu wazima wanaosoma grafu hivyo, kwa kuangalia mlima tu.

Chukua dagaa wa Mwaloni, soko la samaki la Kirumba jijini Mwanza. Tuseme muuzaji mmoja anatoa sado 4 (sado ni kindoo cha kupimia) kwa shilingi 24,000, mwingine sado 5 kwa shilingi 25,000. Mchoree kila mmoja grafu kwenye karatasi yake, sado kwenye mhimili wa mlalo na shilingi kwenye wa wima. Mistari yote inaanzia (0, 0), maana asiyenunua halipi. Kwenye mlalo, sentimita 1 iwe sado 1 kwa wote. Ila kwenye wima, sentimita 1 ya karatasi ya kwanza ibebe shilingi 6,000, ya karatasi ya pili ibebe 2,000. Mstari wa pili utapanda kwa ukali kuliko wa kwanza, na bado muuzaji wa pili ndiye mwenye bei nafuu: 5,000 kwa sado, mwenzake 6,000. Ni kama kuivuta picha ya mtu kwenda juu kwenye simu. Anaonekana mrefu, lakini kimo chake hakijaongezeka.

Bei yenyewe inakaa wapi, basi? Juu ya 1. Anzia sado 1, panda wima mpaka ufikie mstari, kisha nenda kushoto usome shilingi.

Fikiria ngazi za kupandia nyumba zilizo kwenye vilima vya mawe vya Mwanza, zenye vidato vya kimo kimoja. Ukisimama kidato cha kwanza, ulivyoinuka kutoka chini ndicho kimo cha kidato. Ukisimama cha nne, gawa kwa nne upate kilekile. Kwa grafu ya mkono, mimi napendelea nukta ya mbali: ukikosea kusoma kwa shilingi 400 penye sado 4, kosa kwenye bei ya sado moja ni shilingi 100 tu.

Haya yote yanahitaji ngazi ianzie chini. Ikianzia juu ya jiwe, hesabu inaharibika. Muuzaji wa kwanza akikuletea dagaa kwa bodaboda ya shilingi 3,000, mstari unabaki umenyooka, lakini penye 1 unasoma 9,000 na penye 4 unasoma 27,000. Ukigawa kwa 4 unapata 6,750, ambayo si bei ya sado. Hapo pima mwinuko kati ya nukta mbili: 18,000 kwa sado 3, yaani 6,000 ileile.

Na mnunuzi wa magunia akipunguziwa kadiri anavyoongeza mzigo, mstari unapinda. Grafu ya namna hiyo haina bei moja ya sado; kila nukta ina yake.