Uzingativu ni kitu gani hasa?

Keti, fumba macho, ifuate pumzi inavyoingia na kutoka puani. Kabla hujafika pumzi ya kumi utajikuta unamjibu mtu kichwani kwa maneno aliyokuambia juzi. Wengi hukata tamaa hapo: "Mimi hii siiwezi." Kumbe ndipo zoezi linapoanza. Kugundua kwamba umepotea, kisha kuirudia pumzi bila kujigombeza, ndiyo kazi yenyewe.

Taamuli ni jina pana la mazoezi ya kutuliza na kuelekeza akili. Uzingativu ni tawi lake: kuyatazama yanayopita sasa hivi, iwe sauti, goti linalouma au hasira, bila kuyakimbia wala kuyahukumu. Chimbuko lake ni mafundisho ya Kibuddha. Mwaka 1979 Jon Kabat-Zinn, wa Chuo Kikuu cha Massachusetts nchini Marekani, aliyavua mazoezi hayo vazi la dini akaunda kozi ya wiki 8 kwa wagonjwa wenye maumivu sugu na msongo wa mawazo.

Sasa ubongo. Haupumziki hata usipoupa kazi. Zipo sehemu zake zinazochangamka hasa tunapokaa bure. Hizo ndizo hutupeleka jana na kesho, na kwenye hadithi zisizoisha za "mimi" na "wao". Utafiti wa picha za ubongo uliochapishwa mwaka 2011 ulikuta sehemu hizo zimepoa zaidi kwa wazoefu wa taamuli kuliko kwa wanaoanza. Na kila unapoirudia pumzi, zinazofanya kazi ni sehemu za kuongoza umakini.

Lakini madai kwamba wiki 8 hunenepesha ubongo, mimi siyanunui. Yalitokana na tafiti za watu wachache. Utafiti wa mwaka 2022, uliohusisha watu zaidi ya 200, haukuona mabadiliko ya umbo yaliyoletwa na kozi hiyo.

Nafuu yenyewe ipo, ila ni ya wastani. Mapitio ya majaribio 47, yaliyochapishwa mwaka 2014, yalionyesha kuwa wasiwasi, sonona na maumivu hupungua kiasi, ingawa hayakupata ushahidi kwamba taamuli inazishinda dawa au mazoezi ya mwili. Mwaka 2022, katika jaribio la watu 276 wenye maradhi ya wasiwasi, kozi ya wiki 8 haikuzidiwa na esitalopramu, dawa ya kutibu wasiwasi.

Si kila mtu hutulia, lakini. Aliyepitia mambo mazito anaweza kufumba macho akakutana nayo upya, moyo ukaanza kwenda mbio. Huyo asijilazimishe. Afumbue macho, ahisi nyayo zinavyogusa sakafu, na hapo baadaye ajaribu tena akiwa na mtaalamu wa afya ya akili. Na kama anatumia dawa, asiziache kwa sababu tu amejifunza kupumua.