Je, wajua jinsi Linux inavyolitengea faili GB 10 bila kuandika data yoyote ndani yake?

Fungua terminali kwenye kompyuta ya Linux inayotumia mfumo wa faili (utaratibu wa kupanga data diskini) wa ext4, andika `fallocate -l 10G akiba.img`, bonyeza Enter. Kufumba na kufumbua, kazi imekwisha. Ukitengeneza faili la ukubwa huohuo kwa `dd` na kulijaza sifuri, diski inayoandika MB 100 kwa sekunde itakukalisha karibu dakika 2. Ukipima kwa `du -h`, yote mawili yamekalia nafasi sawa. La kwanza limeipataje?

Usilichanganye na faili la `truncate -s 10G`. Hilo nalo huja papo hapo, na `ls -lh` itakuonyesha G 10, lakini `du` itasema 0. Ni ukubwa wa jina tu. Hakuna bloku (kipande cha nafasi ya diski) hata moja iliyotengwa, na siku diski ikijaa, programu yako itakwama katikati ya kuandika, ikiwa na faili ambalo ilidhani lina nafasi. `fallocate` hukataa mapema: nafasi isipotosha, unapata kosa la ENOSPC (hakuna nafasi) hapo hapo, kabla hujaanza kushusha filamu au kurejesha hifadhidata.

Siri iko kwenye namna ext4 inavyoandika anwani za data. Haiorodheshi bloku mojamoja. Huandika ekstenti, yaani mstari mmoja unaosema: kuanzia bloku fulani ya faili, bloku kadhaa zinazofuatana ziko mahali fulani kwenye diski. Mstari huo una baiti 12. Faili la GB 10 lina bloku 2,621,440 za KB 4, na ekstenti moja iliyotengwa bila kuandikwa hubeba bloku 32,767 kwa wingi wake. Kwa hiyo, nafasi ikiwa imeungana vizuri, ekstenti 81 zinatosha: baiti 972 za anwani kwa faili zima. Nne za kwanza zingeingia kwenye inodi yenyewe, yaani rekodi inayobeba taarifa za faili. Zikizidi, hujengwa mti, na jani moja la KB 4 lina nafasi ya ekstenti 340. Ongeza ramani za bloku huru zinazobadilishwa, na hiyo ndiyo kazi yote ya diski.

Mbona 32,767 na si 32,768? Sehemu ya urefu ina biti 16. Thamani ya 1 hadi 32,768 maana yake ni ekstenti ya kawaida, yenye data. Ikizidi 32,768, mfumo hutoa 32,768, na kinachobaki ndicho urefu wa ekstenti iliyotengwa ila haijaandikwa. Kiwanja kimepimwa na kina mwenyewe, nyumba bado. Programu ikisoma eneo hilo, kiini cha Linux hakigusi diski, hurudisha sifuri.

Alama hiyo ya “haijaandikwa” si pambo. Bloku huru hazifutwi. Ndani yake mna mabaki ya mafaili ya zamani, pengine barua au nywila za mtumiaji mwingine wa mashine hiyohiyo. Bila alama, mtu yeyote angetenga GB 10 na kuanza kusoma siri za wenzake. Ndiyo maana ext3, mtangulizi wa ext4, haikuweza kupewa uwezo huu kwa urahisi: huko kila bloku ina anwani ya biti 32, na hakuna biti iliyobaki ya kusema “bado”. NTFS na exFAT, mifumo ya faili ya Microsoft, zina njia nyingine: huweka namba mbili, urefu wa faili na urefu wa data halali, na chochote kinachopita namba ya pili husomeka kama sifuri. Ni njia nyepesi, ila ukiandika mwishoni mwa faili kwanza, mfumo hulazimika kushughulikia pengo lote lililo kabla yake.

Wito wa `fallocate`, yaani ombi ambalo programu hulipeleka kwa kiini, uliingia Linux toleo 2.6.23, mwaka 2007. Kuuongeza kwenye mfumo wa faili huanza na sehemu rahisi: pokea mahali pa kuanzia na urefu, kataa kwa EOPNOTSUPP (kosa la “haiungwi mkono”) hali usiyoijua, funga inodi, kagua kiwango cha nafasi anachoruhusiwa mtumiaji, tenga bloku, ziwekee alama, kisha sogeza ukubwa wa faili, isipokuwa aliyeita ametumia `-n` akitaka ukubwa ubaki ulivyo.

Ugumu huja baadaye, wakati wa kuandika. Ukiandika katikati ya ekstenti iliyotengwa, hupasuka vipande vitatu: cha mbele na cha nyuma vinabaki na alama, cha kati kinaivua. Utaratibu hapa hauna mjadala: data ifike diskini kwanza, ndipo alama iondolewe. Ukigeuza, umeme ukakatika katikati, msomaji atakuta takataka ya zamani yenye sura ya data halali. Kuna mtego mwingine wachache huufikiria. Ule mpasuko unahitaji mistari mipya, na mistari mipya yaweza kuhitaji bloku mpya ya mti. Diski ikiwa imejaa, unaweza kukosa nafasi ndani ya faili ulilolitengea nafasi! Ext4 hujikinga kwa kuweka pembeni akiba ya asilimia 2 ya mfumo au klasta (bloku au fungu la bloku) 4,096, ile iliyo ndogo.

Mfumo usioiunga mkono `fallocate` una balaa lake. Programu ikiita `posix_fallocate`, glibc, maktaba ya msingi ya programu za Linux, huiga kazi hiyo kwa kuandika baiti moja kwenye kila bloku. Ile kasi yote inapotea, na faili lililofunguliwa kwa kuandika tu, bila kusoma, hurudisha kosa la EBADF (faili halifai kwa kazi hiyo). Kwenye ZFS, mfumo mwingine wa faili, tatizo ni la asili: kila maandishi mapya huenda mahali papya, basi kutenga bloku maalumu hakukuhakikishii chochote.

Kwa faili la swapu (nafasi ya diski inayosaidia RAM), kuwa mwangalifu na mfumo wa faili wa XFS. Kabla ya Linux 4.18, `swapon`, amri ya kuwasha swapu, ililikataa faili la `fallocate` ikidai lina mashimo. Huko `dd` ndiyo jibu. Na ukitaka kuiona alama yenyewe, endesha `filefrag -v akiba.img`: kila mstari utaandikwa `unwritten`. Andika MB chache katikati, endesha `sync`, kisha angalia tena.