Nauli ya LATRA ni dari, si bei moja

Pale Mnazi Mmoja, Lindi, njia zinapogawanyika kwenda Mtwara na Masasi, utasikia: "Nauli ya serikali haipandi wala haishuki." Nusu yake si kweli. LATRA, mamlaka ya kudhibiti usafiri wa ardhini iliyochukua nafasi ya SUMATRA mwaka 2019, hupanga nauli kikomo: basi haliruhusiwi kutoza zaidi, ila kutoza pungufu ruksa. Kwa hiyo abiria wakiwa wachache na bei ikashuka, konda hajakufadhili. Anagombea abiria tu. Kikomo hukokotolewa kwa kilomita, na basi la daraja la kawaida lina chake, la daraja la kati chake. Ukizidishiwa, tunza tiketi yenye kiasi ulicholipa. Wengi huitupa njiani, pale Nangurukuru, pamoja na maganda ya machungwa, kisha wanataka kulalamika.