Steringi hafi? Tuliyodanganyika nayo kwenye muvi za Wahindi kupigana na mkoloni

Tuliokulia kwenye vibanda umiza tunajua sheria moja, steringi hafi. Anapigwa risasi, anatupwa mtoni, nusu saa baadaye karudi na anadai damu. Sasa hii sheria tumeibeba mpaka kwenye muvi za historia, mmoja anatoka pale anasema ile ni stori ya kweli mwanzo mwisho, mwingine anasema uongo mtupu, Wahindi bwana, na anatupa hata yale yaliyotokea kweli. Mimi inaniuma kwasababu wale watu waliishi na walikufa, na wengi wao maisha yao halisi yananigusa kuliko muvi yenyewe.

Naanza na muvi ya RRR maana ndio kila mtu kaiona. Watu wanaamini Raju na Bheem walikuwa mtu na rafiki yake, wakaungana kumpiga Muingereza. Ukweli ni kwamba Alluri Sitarama Raju na Komaram Bheem ni watu halisi kabisa lakini hakuna ushahidi kwamba waliwahi hata kuonana, dairekta Rajamouli mwenyewe alisema wazi kwamba amejiuliza tu ingekuwaje kama wangekutana. Na Raju hakuwa polisi kama kwenye muvi, yeye ndio alikuwa anavamia vituo vya polisi. Agosti 1922 yeye na watu wa milima ya Rampa walivamia vituo vitatu mfululizo, Chintapalli, Krishnadevipeta na Rajavommangi, wakachukua bunduki na risasi, na alikuwa anaacha barua kituoni ikieleza alichobeba. Hebu fikiria hilo, mtu anaiba bunduki za serikali halafu anaacha risiti!

Na chanzo chake hakikuwa kisasi cha familia. Ilikuwa shamba. Watu wale walikuwa wanalima podu, yaani wanafyeka kipande cha msitu, wanachoma, wanalima misimu michache kisha wanahamia kwingine ardhi ipumzike. Sheria ya misitu ya mwaka 1882 ikawabana, msitu wa babu zao ukawa mali ya serikali, juu yake wanalazimishwa kuchonga barabara milimani kwa malipo ambayo ni kama hakuna. Raju alikamatwa Mei 1924, akafungwa kwenye mti akapigwa risasi hapo hapo bila kufikishwa mahakamani. Hajafika hata miaka 30.

Bheem ndio watu wamemkosea zaidi. Yeye alikuwa Mgondi, yaani mtu wa kabila la Gond, na aliyekuwa anapambana naye ana kwa ana ni serikali ya Nizam wa Hyderabad, mtawala wa Kihindi aliyekuwa anaendesha dola yake chini ya kivuli cha Uingereza. Waliomuua Jodeghat mwaka 1940 ni askari wa Nizam. Muvi imemhamishia Delhi kwenye jumba la gavana, lakini kilio chake kilikuwa maneno matatu tu, maji, msitu, ardhi, na aliyemnyang'anya hivyo vitu mara nyingi alikuwa mtoza kodi au mlinzi wa msitu mwenye rangi kama yake. Hili likipotea unakuwa hujamuelewa kabisa Bheem. (Na lile jumba la kwenye ule wimbo wa kucheza wa Naatu Naatu sio Delhi wala London, ni ikulu ya Mariinskyi pale Kyiv, walipiga picha 2021, miezi michache kabla Urusi haijaivamia Ukraine.)

Muvi ya Lagaan nayo nasikia watu wanasema kile kijiji kweli kiliwafunga Waingereza kwenye kriketi wakasamehewa kodi. Hapana, mechi ni ya kutunga, kijiji cha kutunga. Kodi ya ardhi ndio ya kweli na iliua watu.

Halafu muvi ya Kesari watu wanaiweka kwenye fungu hili la uasi, kisa wana vilemba na wanapigana mpaka mtu wa mwisho. Wale Masikh 21 wa Saragarhi, Septemba 1897, walikuwa askari wa jeshi la Muingereza wanalinda ngome ya Muingereza, na waliokuwa wanaishambulia ni makabila ya mpakani, Waorakzai na Waafridi, waliokuwa ndio wameasi. Ushujaa wao siupingi hata kidogo, ila upande waliokuwepo ni huo.

Mangal Pandey je? Muvi ya Aamir Khan ya 2005 inamuonyesha kama ndio kiongozi wa vita ya 1857, ile ya askari wa Kihindi kuwaasi Waingereza. Ukweli ni kwamba vita ilipoanza Meerut tarehe 10 Mei yeye alikuwa ameshanyongwa mwezi mzima, tarehe 8 Aprili. Alichofanya kwenye kambi ya Barrackpore tarehe 29 Machi alikifanya karibu peke yake, akawashambulia maofisa, na alipoona anazingirwa akajielekezea bunduki mwenyewe akafyatua, akajeruhiwa tu. Yale mafuta ya ng'ombe na nguruwe sio ya kutunga, hofu ilikuwepo kweli. Risasi za bunduki mpya ya Enfield zilikuja zimefungwa kwenye karatasi iliyopakwa mafuta, askari aling'ata karatasi kwa meno ndio amimine baruti kwenye mtutu, kwahiyo Mhindu na Muislamu wote walijiona wanalishwa haramu kila wakipakia bunduki. Ila hiyo ilikuwa njiti ya kiberiti tu, petroli ilishamwagwa kitambo, ardhi zimechukuliwa, ufalme wa Awadh umemezwa na Waingereza mwaka mmoja kabla na askari wengi walitokea huko huko. Na aliyetawala wakati ule hakuwa malkia, ilikuwa ni kampuni ya biashara!

Muvi ya Gandhi ya 1982 watu wanasema walimchukua Mzungu wakampaka rangi. Ben Kingsley alizaliwa Krishna Bhanji, baba yake ni mtu wa asili ya Gujarat aliyezaliwa Kenya, na babu yake alikuwa mfanyabiashara wa viungo Zanzibar. Yule ana damu ya pwani yetu kwa njia yake. Kosa la muvi ile liko kwingine, ukiitazama utadhani uhuru uliletwa na mtu mmoja na maandamano yake ya chumvi. Februari 1946 mabaharia karibu 20,000 wa Kihindi wa jeshi la majini la Muingereza waliasi kuanzia Bombay, wamechoka chakula kibovu na matusi, na hilo humo hulioni.

La mwisho ni muvi ya Sardar Udham, inayomhusu Udham Singh, na hapa watu wanachanganya majina mawili. Aliyeamuru umati upigwe risasi kwenye uwanja wa Jallianwala Bagh, mji wa Amritsar, tarehe 13 Aprili 1919 ni Jenerali Dyer. Aliingia na askari, magari yake ya deraya yakabaki nje kwa sababu kichochoro cha kuingilia ni chembamba, na baadaye alikiri mbele ya tume kwamba yangepita angetumia bombomu zake. Zikafyatuliwa risasi 1,650 kwa kama dakika kumi. Serikali ilisema wamekufa 379, Congress, chama cha wapigania uhuru, kikasema wanafika 1,000. Na waliobana vile vifyatulio hawakuwa Wazungu, walikuwa Wagurkha na Wahindi wenyewe.

Dyer alikufa kwa maradhi mwaka 1927. Udham Singh alimuua mwingine, Michael O'Dwyer, aliyekuwa gavana wa Punjab wakati ule na akamuunga mkono Dyer, akampiga risasi Caxton Hall, London, Machi 13, 1940, miaka karibu 21 baadaye. Polisi walipomuuliza jina akasema anaitwa Ram Mohammad Singh Azad, la Kihindu, la Kiislamu, la Kisikh, halafu neno la uhuru. Wakamnyonga tarehe 31 Julai, wakamzika humo humo gerezani, na mabaki yake hayakurudi India mpaka 1974.